Bango la Mkunga

Mtaani walimwita Brashi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Akishika brashi, hana mpinzani. Akishika kipanya cha kompyuta, anaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Lakini siku hizi wateja wanataka mabango ya turubai, yanayochapwa. Brashi akanunua kompyuta kuukuu, akaiweka mezani katikati ya makopo ya rangi. Mteja wa kwanza alikuwa mkunga. Kliniki yake ilijificha nyuma ya maghala, na kina mama walipotea njia huku uchungu umewashika.

"Bango nalitaka kesho asubuhi," mkunga alisema. "Ukishindwa, naenda kwingine. Usininunie."

Brashi alifungua programu ya kuchorea. Akawa anachora herufi moja moja kwa kipanya, kama anavyochora ukutani. Jasho likamtoka. Mchana simu ikalia. Ni mkunga.

"Fundi, nimesahau. Ongeza 'usiku na mchana'."

Brashi akatazama kioo cha kompyuta. Nafasi hakuna.

"Basi tena! Nafuta yote!"

Mkewe alicheka. "Si nilikwambia umwite mdogo wangu? Kazi yake ni hiyo hiyo, kule kwenye duka la uchapaji. Lakini wewe kufundishwa na shemeji yako unaona aibu."

"Aibu gani? Mwite!"

Shemeji alifika, akatazama kioo, akashika mbavu.

"Shemeji, umelima shamba kwa kijiko!"

"Cheka. Ukimaliza, nifundishe."

"Ona alama hii ya herufi A. Ibonyeze. Sasa bonyeza pale unapotaka maneno yakae. Umeona kimstari kinapepesa? Andika."

Brashi akadonoa kwa kidole kimoja: MKUNGA.

"Mbona madogo kama chawa?"

"Usiwe na pupa. Kwanza yachague. Bonyeza kipanya, usiachie, pita juu ya neno mpaka lipate kivuli. Haya, huku juu kuna ukubwa, rangi na aina ya herufi. Usipochagua neno, kompyuta haijui unasema na nani."

Brashi akaongeza ukubwa. Neno likaumuka kama unga uliotiwa hamira. Chini yake akaandika "usiku na mchana", akayapunguza yakaenea.

"Na nikikosea?"

"Unarudi kwenye neno lile lile, unafuta, unaandika tena. Ule mchoro wako ulikuwa picha. Haya ni maandishi."

Shemeji akachagua herufi zenye mikia na mapambo. Brashi akatikisa kichwa.

"Hizo za kadi ya harusi. Mwenye uchungu hana muda wa kusoma mikia. Weka nene, zilizonyooka, nyeusi juu ya njano. Pembeni acha wazi, maneno yapumue. Halafu mshale."

"Haya, mwalimu!"

"Mwalimu ni wewe. Mimi nimezeekea kwenye rangi tu."

Jioni ile ile bango likachapwa kule dukani kwa shemeji.

Asubuhi bango lilining'inia kwenye kona ya maghala. Brashi akavuka barabara ili alitazame kutoka mbali, kama desturi yake. Akaja mwanamke mjamzito, mkono kiunoni, mumewe nyuma na mfuko wa nguo. Mwanamke akasimama. Midomo yake ikacheza polepole.

"M-ku-nga. U-si-ku na m-cha-na."

Akamvuta mumewe. "Ni hapa. Tunakata kushoto."

Wakampita Brashi bila kumtupia jicho. Naye akarudi nyumbani akipiga mluzi.