Diski Iliyolala

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi kompyuta. Aliletewa mashine na mama mmoja aliyefiwa na mwanawe wa pekee. Picha zote za mtoto zilikuwa kwenye diski, na kila mara kompyuta ikilala kwa kuachwa bila kutumiwa, ukiiamsha diski huioni tena.

"Nyumbani siiachi ilale," mama alisema. "Nakesha nayo."

Fundi alibadilisha waya, akagusa mipangilio yote, wapi. Mwisho akaichomoa diski na kuiweka sikioni, kama alivyozoea, asikie kama kuna kitu kinagongagonga ndani.

Papo hapo umeme ukakatika. Duka halikuwa na dirisha, likawa giza totoro. Lakini diski ilikuwa inazunguka. Ilivuma taratibu, ikakwama kidogo, ikavuma tena.

Mama akasogea. "Nipe, baba," alisema kwa upole. "Kifua kilikuwa kinambana hivyohivyo akilala."

Fundi akampa. Akamsikia akiipigapiga begani, mpaka mvumo ukatulia.

Umeme uliporudi, waya ulikuwa mezani, na mama bado ameiegemeza diski shingoni. Macho yake yalikuwa makavu. Lakini begani, blauzi ilikuwa imelowa udenda.