Mpango Uliobaki Kichwani mwa Mama

Kila jioni baada ya masomo, Kasuku, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha, alipitia ofisini kwa mama yake. Kazi ya Mama ilikuwa kupanga seva, yaani kompyuta kubwa zinazoendesha shughuli za kampuni, katika makundi: kundi la mauzo, kundi la mishahara, kundi la wateja.

“Mbona kila kundi lina mashine zaidi ya moja?” aliuliza Kasuku.

“Moja ikizimika, nyingine inashika kazi. Wateja hata hawajui.”

Kasuku alivimba kichwa. Shuleni alitamba kwamba bila mama yake kampuni nzima ingelala.

Siku hizo Bibi alikuwa amelazwa hospitalini. Jioni moja Mjomba alipiga simu. “Dada, mama anakuulizia wewe tu. Njoo leo.”

Mama alitazama ubao uliojaa michoro yake. Kundi la mishahara lilikuwa linahamishiwa kwenye seva mpya, na hakuna mwingine aliyejua ipi ianze na ipi ifuate.

“Mama Kasuku, nielekeze, nitamalizia mimi,” alisema fundi mwenzake, mzee mcheshi. “Wewe hata ukienda chooni, ofisi nzima roho mkononi!”

Mama hakucheka. “Kukuelekeza kutanichelewesha zaidi. Acha nimalize mwenyewe, hospitali nitakwenda asubuhi.”

Alfajiri, Mama na Kasuku wakiwa bado ofisini, Mjomba alipiga tena. “Dada, mama ametutoka.” Mama aliketi sakafuni, simu ingali sikioni, akalia kwa kwikwi. Kasuku alimkumbatia, naye akalia. Siku hiyo hakuwa na swali lolote.

Baada ya maziko, Mama alirudi kazini na kumfundisha yule fundi mpango wote. Jioni Kasuku alipofika, aliukuta ubao una mwandiko wa watu wawili.

“Ameshaelewa?”

“Kabla ya chakula cha mchana.”

“Kumbe ni rahisi, Mama?”

“Rahisi,” alijibu. “Ila nilipenda kuitwa mimi tu. Mwanangu, unachokijua wafundishe wenzako mapema, usikikumbatie ili uonekane wa maana. Bibi yako aliniulizia mpaka mwisho, nami nilikuwa hapa, nikifanya kazi ambayo mwenzangu aliniomba anisaidie.”