Uzito wa Sanduku la Kijani

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1956, mjomba wangu Wendelin alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, anaunga mkanda uliokatika. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mji mzima ulinukia pumba. Akaona viatu vya kijeshi vimesimama karibu na kichwa chake. Mwenye viatu alingoja mpaka nati ya mwisho ikazwe, ndipo akasalimu.

Haya niliyapata kwake mwenyewe, na kwa mama yangu Tekla, mdogo wake wa kumfuata, ambaye alikuwapo. Kila mmoja alinisimulia kwa wakati wake, na sikuwahi kuwakuta wakitofautiana.

Yule mgeni aliitwa Apolinari. Alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, amepigana vita vya pili huko Bama, na aliporudi alinunua bembea ya gurudumu huko Morogoro. Tangu hapo alizunguka nayo kwenye lori, mji kwa mji. Sasa alikuwa ameileta Ifakara kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, na alikuwa hana fundi.

"Wangu ameniacha Kiberege," alisema. "Homa."

Mjomba alikubali kuisimamisha na kuikagua. Zilibaki siku mbili kabla ya sikukuu.

Bembea yenyewe ilikuwa ya pete mbili kubwa za chuma, juu kuliko paa la ghala. Katikati yake yalining'inia masanduku sita ya mbao yasiyo na kifuniko, kila moja na rangi yake, kila moja na benchi la watu wawili. Haikuwa na injini. Wanaume wawili walizungusha mpini, mnyororo ukavuta gurudumu. Mjomba aliikagua kama alivyozoea kukagua mashine ya mpunga: akapita kila bolti na nyundo ndogo, anagonga, anasikiliza. Bolti iliyokaza hulia. Iliyolegea hukohoa.

Kufika adhuhuri gurudumu lilikuwa limesimama, beringi zimejaa grisi. Akalisukuma tupu, bila mtu hata mmoja, ili aone linavyokwenda. Likazunguka vizuri, likapunguza mwendo, likasimama. Sanduku la kijani lilikuwa chini.

Akalisukuma tena. Likazunguka, likapita, likarudi nyuma kidogo, likatulia. La kijani chini.

Mara ya tatu alilizuia kwa mikono sanduku la kijani likiwa juu kabisa, akaliachia taratibu. Gurudumu lilikaa kidogo, kama mtu anayefikiri. Kisha likaanza kushuka lenyewe.

"Gurudumu lenye uzito sawa husimama popote unapoliachia," alimwambia Apolinari. "Hili lina upande."

"Mbao imenyonya maji." Apolinari alijibu akitazama barabarani. Mjomba alikuja kugundua baadaye kwamba mtu yule hakuwa amelitazama sanduku la kijani hata mara moja tangu lishushwe kwenye lori.

Mjomba hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. Yeye na Valeriani, kibarua aliyekuwa akimsaidia, walilifungua lile sanduku chini ya chuma kinacholibeba, bila kukigusa chuma chenyewe, wakalipeleka mpaka kwenye mizani ya ghala. Ratili arobaini na mbili. Wakabeba la manjano. Arobaini na mbili. La buluu, vivyo hivyo. Wakayarudisha yote mahali pake, wakaliachia gurudumu.

La kijani likashuka chini.

Basi mjomba akafanya ambalo fundi yeyote angefanya. Akaweka mchele kwenye sanduku linalokabiliana nalo, kidogo kidogo, mpaka pande mbili zilingane. Gurudumu lilipotulia, wakaupima ule mchele. Ulikuwa ratili mia moja na nne.

Valeriani aliutazama mshale wa mizani. "Mke wangu walimpima hospitali juzi," alisema polepole. "Anakaribia hapo hapo."

Akachukua shati lake msumarini, akaenda zake. Hakurudi hata kudai ujira wake.

Mjomba alibaki peke yake, jua kali la saa nane, hakuna upepo. Masanduku matano yalikuwa yametulia. La kijani lilicheza kidogo tu, mbele na nyuma. Hivyo ndivyo linavyocheza mtu aliyekaa ndani anapohamisha miguu.

Alinieleza kwamba hapo ndipo alipoogopa, na kwamba kuogopa huko ndiko kulikomfanya alisogelee. Akapanda ngazi, akaangalia mahali sanduku linapoungana na gurudumu. Kila sanduku lilining'inia kwa chuma kimoja kinene, na kila ncha ya chuma ilizuiwa na pini isichomoke. Upande wa kushoto pini ilikuwapo. Upande wa kulia rangi ilikuwa mpya, nene kuliko kwingine. Akaikwangua kwa kisu.

Chini ya rangi hapakuwa na pini. Palikuwa na waya wa kufungia maboma, umesokotwa mara tatu.

Akamwita Apolinari, akamwonyesha.

Apolinari akatazama tena barabarani, akasema, "Kiberege kuna msichana alianguka. Alisimama mwenyewe. Alikuwa anacheza."

"Na waya huu?"

"Ni wa yule fundi. Mimi siujui."

Mjomba aliuondoa waya, akachukua pini mpya ya chuma kwenye sanduku lake la vifaa, akaigonga mpaka ikakaa sawasawa. Kisha akasema jambo moja tu: masanduku matano yapandwe, la kijani lisipandwe. Apolinari akaitikia kwa kichwa.

Siku ya sikukuu watu walitoka misa ya kwanza wakamiminika uwanjani. Mjomba alichelewa kidogo, kwani aliimba kwaya. Alipofika alikuta masanduku yote sita yamefunguliwa, na mdogo wake Tekla ameshakaa. Ndani ya la kijani.

Mama yangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, amevaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa peke yake kwenye benchi la watu wawili. Lakini alikuwa amebanwa pembeni kabisa, bega limegusa ubao, magoti yamekaza.

"Mbona umekaa hivyo?" mjomba akauliza.

Tekla akatazama nafasi iliyokuwa wazi ubavuni kwake. "Sijui, kaka," alisema. "Pamejaa."

"Shuka."

"Nimepanga foleni tangu…"

"Tekla. Shuka sasa hivi."

Akashuka. Alinieleza kwamba alipoinuka, upande mmoja wa mwili wake ulikuwa na ubaridi, kuanzia bega mpaka kiunoni. Upande wa pili ulikuwa na jasho.

Mjomba alikuwa anageuka kumtafuta Apolinari, ndipo watu wakafungua njia. Mama mmoja alikuwa anakuja, mwembamba, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Hakutazama watu. Alitazama masanduku, moja baada ya jingine.

"Shikamoo, mama," mjomba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Klementina. Nimetembea toka Kiberege." Alivuta pumzi. "Ni lipi alilopanda binti yangu Emerensiana?"

Sanduku la kijani lilianza kucheza lenyewe, mbele na nyuma, kama mtoto anayemwona mama yake anatoka sokoni.

Yule mama akaliona. Hakulia. "Tulizika mwili," alisema kwa sauti ya chini. "Kila nikimwita nyumbani, haitiki. Nikajua hajashuka bado. Nipandishe, mwanangu, nikamchukue."

"Usizungushe," Apolinari alisema nyuma yao. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Fundi, nakukataza. Bembea ni yangu."

"Ni yako," mjomba alisema. Akampandisha mama Klementina, akafunga kizuizi mbele yake, akakagua pini ya kushoto, akakagua pini ya kulia. Kisha akashika mpini mwenyewe.

Mpini ulikuwa mzito. Alikuwa na nguvu za kuinua gunia peke yake, lakini alivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Sanduku likapanda, polepole. Lilipofika juu kabisa, sauti ikashuka.

"Simamisha hapo."

Akafunga breki. Uwanja mzima ukanyamaza.

Walimsikia mama Klementina akisema Kindamba, lugha ya kwao, taratibu, bila haraka. Alikuwa anabembeleza. Anasema, ananyamaza. Anasema, ananyamaza. Wale waliosimama mbali walidhani anasali. Mama yangu alikuwa karibu. Aliniambia kwamba katika kule kunyamaza hapakuwa kimya. Palikuwa na sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyenuna.

Kisha mama Klementina akachungulia chini. Alimtazama mtu mmoja tu.

"Anauliza nani aliyefunga waya."

Hakuna aliyeelewa, ila wawili. Mjomba alikuwa hajamwambia mtu habari ya waya, hata Tekla. Akageuka. Apolinari alikuwa ameshika nguzo ya bembea kwa mikono miwili.

"Anasema fundi wako wa Kiberege alikataa," yule mama aliendelea. "Alikusikia ukigombana naye. Anasema hashuki na mimi. Anamtaka aliyefunga."

Apolinari akaiachia nguzo, akasema bila kuinua macho.

"Pini ilipotea njiani. Watu walikuwa wengi, wananiita. Fundi alisema tungoje mpaka apate nyingine, mimi nikamfukuza. Nikafunga waya. Nilijua ungevumilia siku moja." Akajifuta mdomo. "Ulikatika kabla ya saa sita. Baadaye nikafunga mwingine, nikaupaka rangi."

"Usiniambie mimi," mama Klementina alisema. "Nenda kamwambie mwenyewe."

Mjomba akalishusha sanduku. Yule mama akatoka, akasimama pembeni. Apolinari alilitazama sanduku la kijani kwa mara ya kwanza. Akapanda. Akakaa upande wa kushoto. Upande wa kulia akauacha wazi, bila mtu kumwambia.

Kizuizi. Pini ya kushoto. Pini ya kulia. Mpini.

Sanduku likapanda. Mjomba alisema uzito ule haukuwa wa ratili mia moja na nne tena. Ulikuwa zaidi. Mnyororo ulilia kila jino. Kule juu akafunga breki, akarudi nyuma hatua mbili aweze kuona.

Apolinari alikuwa anasema na ubavu wake wa kulia. Midomo ilicheza, maneno hayakufika chini. Akanyamaza. Sanduku likainama upande wa kulia. Likainama zaidi. Apolinari akashika ubao kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia aliuacha. Ulikuwa umenyooka kuelekea nje, umekaza, kama mkono uliobeba ndoo ya maji.

Tekla akafumba macho.

Alipofumbua, sanduku lilikuwa limenyooka. Halichezi. Mjomba akaachia breki, gurudumu likaja chini kwa wepesi, mpini ukienda kwa kidole kimoja.

Apolinari alishuka. Mama Klementina akalisogelea sanduku, akanyoosha mkono ndani. "Haya, mwanangu. Twende nyumbani."

Akangoja. Jua lilikuwa utosini. Hakuna kilichotikisika. Mjomba alilisukuma gurudumu taratibu, likasimama na sanduku jekundu chini. Akalisukuma tena, likasimama na la buluu. Lilisimama popote.

Mama Klementina akarudisha mkono wake. Akageuka, akamtazama Apolinari kwa muda mrefu. Hakumtazama usoni. Alitazama ubavu wake wa kulia, mahali ambapo mkono wa shati la kaki ulikuwa umejikunja na kukaza juu ya kiwiko.

"Kumbe," alisema.

Akajifunga kanga upya. Alipokwisha, akamwambia Apolinari maneno ambayo mama yangu hakuwahi kuyasahau.

"Mtembeze polepole. Hapendi kukimbizwa."

Akaondoka peke yake, njia ile ile aliyojia. Hakugeuka.

Bembea haikuzunguka tena siku ile wala siku nyingine. Mjomba aliifungua bolti kwa bolti, na Apolinari hakukataa. Aliliuza lori, akapata shamba la mpunga kando ya mji, akakaa hapo hapo Ifakara mpaka uzeeni. Nilimfahamu vizuri. Hakuoa. Hakuwahi kukimbia, hata mvua inyeshe. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, akiacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia, na hata siku za Krismasi watu wanapobanana hakuna aliyeikalia. Mgeni akijaribu kukaa pale, mgeni huyo aliinuka mwenyewe bila kuambiwa.

Alifariki mwaka 1981. Hakuwa na ndugu, kwa hiyo sisi wanaume wa jumuiya tulimwosha. Tulikuwa wanne, na mimi nilishika upande wa kulia. Nilipolichana shati nikaona alama mkononi, juu ya kiwiko: vidole vinne mbele na kidole gumba nyuma, vyembamba, vimeshika kwa nguvu zote. Ngozi ilikuwa imevia damu, nyekundu, kama jambo la asubuhi hiyo hiyo.

Wenzangu waliona.

Mzee alikuwa amekata roho tangu jana yake jioni. Mwili ulikuwa umekwisha kuwa baridi na mgumu, tukatumia nguvu kuinyoosha miguu. Nililowesha kitambaa, nikapitisha pale penye vidole.

Palikuwa na joto.