Ufa Chini ya Rangi ya Fedha

Kila siku baada ya shule, Tekla alivua sare yake, akavaa shati kuukuu la baba yake lililomfika magotini, kisha akaenda nyuma ya jiko. Huko ndiko ilikofanyika kazi iliyowalisha.

Baba yake, Edmund, alikuwa fundi wa rimu za magari. Zamani alifanya kazi katika gereji mjini Mbeya, lakini mgongo ulipoanza kumsumbua aliacha kulala chini ya magari, akauhamishia ufundi wake nyumbani Iyunga, karibu kabisa na barabara kuu iendayo Zambia. Miaka ile ya sabini vipuri vilikuwa adimu. Mtu ambaye rimu zake zimeliwa na kutu hakuwa na duka la kukimbilia; alizileta kwa Edmund. Hapo zilioshwa, zikasuguliwa kwa brashi ya waya na msasa, mashimo yakazibwa kwa puti, kisha zikapigwa rangi na kuanikwa juu ya matofali kama masufuria. Tekla alikuwa darasa la sita, na mikono yake ilikuwa imeizoea kazi ile kiasi kwamba baba yake alimwachia rimu nzima aisugue peke yake.

Wiki moja ya mwezi Juni, wakati baridi ya Mbeya inapenya hadi kwenye mifupa, Bwana Asukile alileta rimu ambazo Tekla hakuwahi kuona mfano wake. Bwana Asukile alikuwa baba yake Lea, msichana aliyekaa dawati moja na Tekla. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika migodi ya shaba ya Zambia, na aliporudi nyumbani alikuja na Peugeot nyeupe yenye rimu za aluminiamu. Gari hilo lilikaa nje muda mrefu likinyeshewa mvua na kusubiri kipuri cha injini. Injini ilipopona, rimu zilikuwa zimechakaa, zimejaa unga mweupe na uvimbe kama wa ndui.

"Chuma huota kutu nyekundu," Edmund alimweleza binti yake. "Hii huota unga mweupe, kama wa muhogo. Na haipigwi nyundo, Tekla. Chuma ukikipiga kinabonyea. Hii inapasuka. Ukikuta uvimbe, usugue polepole kwa msasa na maji, hata ukikuchosha."

"Nimesikia, baba."

Gari lilihitajika Jumamosi. Familia ya Bwana Asukile ilikuwa inakwenda Igowole, kule Mufindi, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake Lea. Darasani Lea hakuwa na hadithi nyingine. Alikwisha kuchagua hata mahali pa kukaa: nyuma, dirishani, karibu na bibi.

Alhamisi mchana Edmund alikwenda mjini kutafuta rangi. Rimu tatu zilikuwa tayari. Tekla alibaki na ya nne, na jioni hiyo alikuwa na mechi ya netiboli dhidi ya shule moja ya Mbalizi. Yeye ndiye aliyekuwa mfungaji. Alisugua haraka haraka, jicho moja kwenye rimu, jingine kwenye jua. Karibu na tundu moja la nati palikuwa na uvimbe mgumu usiotaka kutoka. Alisugua mpaka vidole vikafa ganzi. Uvimbe ukabaki vilevile.

Alitazama njia. Baba yake hakuwa akionekana. Akachukua patasi na nyundo.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili liliuondoa uvimbe, lakini sauti iliyotoka ilikuwa fupi na kavu, kama kijiti kinapovunjwa. Tekla aliinama. Kutoka kwenye tundu la nati ulitokeza ufa mwembamba kama unywele.

Alijaribu kuufuta kwa kidole, kama mtu anayefuta vumbi. Haukufutika. Basi akachota puti kidogo, akaipaka juu ya ufa, akaisawazisha, na ilipokauka akaipiga msasa laini. Ufa ukapotea. Akanawa mikono, akakimbilia uwanjani. Siku hiyo hakufunga hata bao moja.

Ijumaa mchana Edmund alipuliza rangi ya fedha kwenye rimu zote nne. Kabla ya kuanza, alipitisha kidole juu ya kila moja. Alipofika kwenye ya nne, alisimama.

"Hapa pamekuwa laini sana," Edmund alisema. "Palikuwa na shida yoyote?"

"Hapakuwa na shida, baba."

"Kazi nzuri."

Maneno yale mawili yalimchoma kuliko fimbo. Bwana Asukile alipokuja kufungiwa magurudumu, alilizunguka gari lake akicheka peke yake. Majirani walitoka kutazama. "Ndugu Edmund," alisema, "mtu atadhani zimetoka kiwandani leo." Kisha akampa Tekla mkono, kama anavyopewa mkono fundi mzima. Jioni hiyo Tekla alishindwa kula. Mama yake, Evarista, alimgusa shingo akidhani ana homa.

Asubuhi ya Jumamosi Tekla alikuwa bombani akikinga maji, Peugeot nyeupe ilipopita ikielekea Mbalizi. Lea alitoa kichwa dirishani.

"Tunamfuata bibi," alipaza sauti. "Tukirudi tunapita hapa hapa, moja kwa moja mpaka Igowole."

Gurudumu la nyuma lilizunguka mbele ya macho ya Tekla, likimetameta. Akaiwazia safari yote ile: Uyole, mteremko wa Mlima Nyoka, malori yakipanda upande wa pili, na bibi amekaa nyuma na mjukuu wake. Ndoo ilijaa, maji yakamwagika miguuni pake, naye hakuyasikia. Kisha akaiacha palepale na kukimbia nyumbani.

Edmund alikuwa akinywa chai. Tekla alisimama mlangoni, akihema.

"Una nini?"

"Baba, rimu ya nne ina ufa. Niliipiga nyundo. Nikaupaka puti, halafu nikakudanganya."

Edmund aliweka kikombe chini taratibu. Tekla alisubiri kofi au kelele, lakini baba yake aliuliza jambo moja tu. "Ufa uko wapi?"

"Kwenye tundu la nati."

Uso wa Edmund ulibadilika. "Na wao wako wapi?"

"Wamekwenda Mbalizi kumchukua bibi. Watarudi sasa hivi kwa njia hii."

Edmund hakuvaa hata viatu. Walikimbia wote wawili hadi barabarani. Malori makubwa ya Zambia yalipita yakiwapulizia upepo wa dizeli. Kila gari jeupe lililotokeza lilimfanya Tekla ajinyanyue kwa vidole vya miguu. Hatimaye Peugeot ikaonekana, ikija kwa kasi. Edmund alipunga mikono yote miwili. Tekla naye akapunga.

Bwana Asukile aliwaona. Akatabasamu, akapiga honi mara kadhaa, akawapungia mkono wa kwaheri na kupita.

"Ametuelewa vibaya," Edmund alisema kwa sauti ndogo.

Tekla hakusubiri. Alilikimbilia gari katikati ya barabara, akiita jina la Lea, akilia, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe. Mguu ulijikwaa, akaanguka kifudifudi juu ya lami. Alipoinua kichwa, gari lilikuwa limekwisha pinda kona.

Edmund alimnyanyua na kumvuta pembeni. Magoti yake yalikuwa yakitoka damu. Edmund alijaribu kusimamisha lori moja ili awafuate, halikusimama. La pili likapita vilevile. Pick-up iliyobeba viazi ilipunguza mwendo, dereva akatazama miguu yake mitupu, akakanyaga mafuta. Tekla alifumba macho. Alikuwa anaogopa kusikia mlio kutoka ng'ambo ya kona.

Mlio aliousikia ulikuwa wa honi. Peugeot ilikuwa inarudi, polepole, ukingoni mwa barabara.

Mlango wa nyuma ulifunguka kabla gari halijasimama sawasawa. "Nilimwambia baba kwamba huagi," Lea alisema akihema. "Nilikuona kwenye kioo cha nyuma ukianguka. Mtu anayeaga halii vile."

Bwana Asukile alishuka, uso umekunjamana. "Kuna nini, Ndugu Edmund? Nina safari ndefu."

Edmund alimweka binti yake mbele. "Tekla atakueleza."

Tekla alieleza yote, tangu mechi hadi puti. Hakumtupia mtu lawama, wala hakusema kwamba uvimbe ulikuwa mgumu. Bwana Asukile alitoa jeki, Edmund akalifungua gurudumu, akalilaza chini na kukwangua rangi kwa ncha ya kisu. Puti ilibanduka kipande kizima. Ufa uliokuwa mfupi juzi sasa ulikuwa umetoka kwenye tundu moja na kukaribia kulifikia la pili. Safari ya Mbalizi tu ilikuwa imeurefusha kiasi hicho.

Bibi yake Lea alikuwa ameteremka kutazama. Aliuona ufa, akamtazama mjukuu wake, kisha akakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Nilikuwa nimpakie mama yangu kwenye kitu hiki," Bwana Asukile alisema. "Na mtoto wangu." Alimgeukia Tekla. "Nimekasirika, binti. Sitakuficha. Nitakasirika mpaka Igowole na kurudi. Lakini tutafika wazima, kwa sababu umetusimamisha wewe."

Walifunga gurudumu la akiba, la chuma, lenye kutu nyekundu pembeni. Edmund alikagua nati zote, akarudia tena, kisha akamwahidi Bwana Asukile kwamba atatafuta rimu nyingine kwa mafundi wenzake hadi aipate. Gari liliondoka likiwa na magurudumu matatu ya kung'aa na moja baya. Lea alipunga mkono, na safari hii Tekla aliaga kweli.

Nyumbani Evarista alimwosha magoti kwa maji ya chumvi. Edmund aliketi karibu nao, ameipakata ile rimu.

"Kuipiga nyundo lilikuwa kosa," alisema. "Makosa ya mkono nimeyafanya mengi kuliko wewe. Ungeniambia Alhamisi ileile, ningegomba, ningeitupa rimu, na mambo yangeishia hapa nyuma ya jiko. Ufa ungebaki kuwa ufa tu. Uongo ndio uliouchukua ukaupeleka barabarani na watu juu yake."

Tekla aliinamisha kichwa. "Nilikuwa naogopa, baba."

"Najua. Na mimi nina langu. Niliona pamekuwa laini kupita kiasi nikasifu, kwa sababu nilitaka kazi iishe. Fundi hapaswi kusifu kile asichokikagua." Alimpa ile rimu aishike. "Ukiharibu, uje useme siku hiyo hiyo, hata kama miguu inatetemeka. Watu wanapanda vitu tunavyotengeneza."

Jumatatu Edmund alipokea rimu za chuma za trekta. Tekla alikuwa hajasugua muda mrefu alipoiacha brashi na kusimama.

"Baba, njoo uone hapa. Sina hakika napo."

Edmund alikuja, akachuchumaa kando yake, wakapatazama pamoja.