Mhuri Ulioinama

Uliliona lile lori.

Usitikise kichwa. Ulikuwa umesimama kwenye taa za barabarani pale Takaida, Osaka Mashariki, Jumanne, saa saba na robo mchana, mkononi una mkate wako uliojazwa tambi. Uliona mlango wa chuma wa karakana ya Hamaguchi umeteremshwa siku ya kazi. Uliona wanaume wanne wakipakia mashine yake ya kukereza chuma, mashine ambayo kwa miaka arobaini haijasogezwa hata shubiri moja. Ukamwona na mzee wa watu anapandishwa nyuma kama gunia, kiatu kimoja mguuni.

Taa ikawaka kijani. Ukavuka.

Ndivyo ulivyovuka walipoimaliza karakana ya Yoneda, yule wa springi. Ndivyo ulivyovuka kwa wale ndugu wawili wa Kusune waliokuwa wakinoa visu vya viwandani. Mmoja alijinyonga, mwingine leo anafagia maegesho. Mimi nayakumbuka majina. Wewe unakumbuka bei ya mkate.

Basi kaa chini usikie ulichokipa mgongo.

*

"Kozi, hapa Kiota. Samaki ametolewa kisimani."

Maana yake: mzee amechukuliwa.

Uzawa Mayumi, ambaye redioni huitwa Kozi, aliliacha bakuli lake la udon, tambi nene za supu, likifuka mvuke. Ana miaka arobaini na mmoja, ni mpelelezi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Kofia ya chuma kichwani, bastola ya SIG kwapani. Pikipiki yake nyeusi, Kawasaki, ikanguruma kabla mwenye hoteli hajageuka.

"Wanaelekea wapi?"

"Bandari ya Nanko. Isuzu nyeupe. Meli inang'oa nanga saa kumi."

"Nalisimamisha."

"Hulisimamishi. Wana karatasi. Hamaguchi Tokuji amekubali kwenda ng'ambo kuwa mshauri wa ufundi, miaka mitano, yeye na mashine yake. Amepiga mhuri wake wa jina, ule uliosajiliwa manispaa, na kwetu mhuri ndio saini. Tukigusa mzigo wa mwekezaji bila sababu, kesho waziri atatukaanga kwa mafuta yetu wenyewe."

"Nitumie picha ya hiyo karatasi."

"Unaendesha, Kozi."

"Nitumie, Mkuu."

Alisimama ukingoni mwa barabara ya juu, malori yakimpita kwa upepo wa kofi. Picha ikafunguka. Mhuri ulikuwa pale: duara jekundu, ukubwa wa ukucha, jina la Hamaguchi ndani yake.

Umeinama.

Kidogo tu, kuelekea kushoto.

Mayumi alicheka mara moja. Hakikuwa kicheko cha kuchangia na mtu.

Wewe uliyefanya kazi ofisini unajua. Karatasi moja, visanduku vitano, kila mtu na mhuri wake, bosi mkubwa kushoto kabisa. Mtumishi mwenye adabu huuinamisha mhuri wake kuelekea kwa bosi, hata jina lake nalo litoe heshima. Mwaka wa kwanza unafanya kwa woga. Mwaka wa thelathini mkono unafanya wenyewe.

Lakini Hamaguchi hajawahi kuwa na bosi.

Majira ya kuchipua Mayumi alikwenda karakanani kwake akijifanya mnunuzi wa vifaa vya hospitali. Mzee akapiga mhuri kwenye hati ya mzigo, wima kama msumari.

"Mzee, hata kwa mteja huuinamishi?"

"Binti, mgongo wangu unakiinamia chuma tangu nina miaka kumi na mitano. Mhuri wangu hausalimii mtu."

Mayumi alibonyeza kitufe cha redio.

"Kiota. Mhuri ni wake. Mkono si wake. Aliyeupiga ni mtu wa ofisi."

"Unajuaje?"

"Umeinama kushoto."

Mkuu naye alikuwa na miaka ishirini na sita ofisini. Huenda alitupia jicho makaratasi yaliyokuwa mezani kwake.

"Ruhusa," alisema. "Samaki arudi hai."

*

Mtu wa ofisi aliyeweza kuushika mhuri wa mzee alikuwa mmoja tu: Munakata Yasuhiro, meneja wa Kitovu cha Biashara cha Asanagi, ghorofa ya kumi na tisa, Honmachi.

Kitovu chenyewe si dhambi, nisikilize vizuri. Kampuni ya kigeni inaweza kuja Japani na mtaji, na mawakili, na bidhaa safi, ikazunguka mwaka mzima isifunguliwe hata mlango mmoja. Hapa hatufanyi biashara na mtu asiyetambulishwa na mtu. Asanagi walikuwa ndio huyo mtu. Waliwapa wageni anwani, mkalimani, simu inayopokelewa kwa Kijapani cha adabu, na kikombe cha kwanza cha chai na fundi sahihi. Waliwafundisha kutoa kadi ya biashara kwa mikono miwili, na wasiitie mfuko wa nyuma wakaikalia. Wadenishi waliingiza viti vyao kwa njia hiyo. Mama mmoja wa Nepali aliingiza majani yake ya chai. Heri yao.

Ila kumtambulisha mtu ni kumwazima uso wako. Na Munakata alimwazima Kreel.

Kreel na kampuni yake, Vantrel, walisema wanatafuta beringi za mashine za hospitali. Uongo. Beringi zile, zikiwa nyororo kiasi cha kutosha, huzungusha pia mitambo ya kusafishia madini ya bomu, na Kreel alikuwa na mteja ambaye nchi yake haikiri kuwa na mitambo hiyo. Aliondoka na michoro ya Yoneda. Aliondoka na ya kina ndugu wa Kusune, na ya beringi za Hamaguchi mwenyewe. Beringi zikatengenezwa ng'ambo, zikapasuka. Kwa sababu hatua ya mwisho haiko kwenye mchoro. Iko kwenye dole gumba la Hamaguchi, linalohisi kasoro ambayo kipimo hakiioni.

Basi safari hii wakataka dole gumba.

Na mhuri? Mzee aliutoa mwenyewe. "Makaratasi ya wageni ni mengi, mzee," Munakata alimwambia. "Kupanda treni kila siku utachoka. Tuachie mhuri, tutakupigia sisi." Mzee akauacha, kwa sababu Munakata alikuja kwenye mazishi ya mkewe, akakaa hadi mwisho.

Wewe wako umemwachia nani?

*

Nanko, saa nane na dakika arobaini. Makontena safu kwa safu, shakwe, harufu ya dizeli.

Mayumi aliweka jichoni darubini ya joto, kifaa kidogo kama kopo la dawa ya macho. Kontena la kwanza, baridi. La pili, baridi. Ndani ya la tatu, doa la rangi ya chungwa, limeketi, limejikunja.

Mlangoni, walinzi wawili.

"Wewe dada! Huku hakuna choo!"

"Sitafuti choo."

"Unatafuta mume?" Mwenzake akacheka.

Huyo aliyecheka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuigusa bastola yake. Risasi mbili za Mayumi zikamlaza. Shakwe wakaruka, wakatua tena. Wa pili alipiga magoti, akaanza kueleza kwamba ana watoto. Mayumi akampiga kitako cha bastola kwenye sikio, maelezo yakakatika.

Makomeo yakalia. Mwanga ukaingia.

Hamaguchi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea mashine yake. Miguuni kwake, nyundo ya kilo moja. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye paja, umefungwa kitambaa cha kufutia grisi. Kilichokuwa ndani ya kitambaa hakikuwa na umbo la mkono.

"Umechelewa, binti wa hospitali."

"Ulijua kuwa si wa hospitali?"

"Wa hospitali huomba punguzo. Wewe hukuomba."

Mayumi alipiga goti. "Nani kakufanyia hivi?"

"Nani tena? Mimi. Walininyang'anya simu, wakaninyang'anya mkanda wa suruali nisije nikajinyonga. Sanduku la vifaa wakaliacha. Hawajui kitu, wale." Midomo ilikuwa myeupe, lakini sauti ilikuwa ileile ya kukemea wanafunzi. "Nilianza na dole gumba. Lori lilikuwa linayumba, la kwanza nikakosa. Fundi wa miaka hamsini, nakosa msumari! Aibu."

Mayumi alitoa sigara, akamtia mzee mdomoni, akaiwasha.

Nje, breki zilikwaruza.

*

Kreel aliteremka na koti la kijivu, tai ya hariri, kifua kimetuna kidogo upande wa kushoto. Aliwatazama watu wake chini. Akatazama ndani ya kontena, akauona mkono.

"Mpumbavu!" alifoka. "Miaka minane! Unajua nimeisumbukia mikono hiyo miaka minane?"

"Mimi nimeisumbukia hamsini," mzee akamjibu, moshi ukimtoka puani. "Nenda kalie kwenu."

Kreel akavuta pumzi. Akavaa uso mwingine, ule wa Asanagi. Kijapani chake kilikuwa kimepigwa pasi.

"Afisa, samahani sana kwa usumbufu. Naamini kuna kutoelewana. Nyaraka zetu zote ni halali."

"Huenda," Mayumi alisema. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa kontena, bega limegusa chuma. Alisharudisha bastola kwapani. "Sijapata kadi yako."

Ona sasa. Mtu amefunzwa miezi sita, kila Jumatano, mbele ya kioo. Kadi ikiombwa, huulizi. Kreel alipiga hatua mbili, akatoa kijaluba, akachomoa kadi, akainama, akainyoosha kwa mikono miwili.

Mikono miwili. Hakuna uliobaki wa kwenda kwapani.

Mayumi aliipokea mikono badala ya kadi. Akaivuta hadi ukingoni mwa mlango, akasukuma kwa bega.

Mlango wa kontena ni mzito. Hauhitaji hasira.

Kelele ile ilifika hadi kwenye winchi. Wapakiaji mizigo waligeuka, kisha wakageuka tena wakaendelea na kazi. Watu wako hao.

Hamaguchi alitazama mpaka mwisho. Hakusema inatosha.

"Kiota," Mayumi alisema redioni, "samaki yu hai. Leteni gari la wagonjwa. Majeruhi wawili, mikono minne... hapana. Mikono mitatu, na walinzi wawili chini. Mzee aende kwanza."

"Na meli?"

"Iondoke. Haina chetu."

*

Saa kumi na nusu, Munakata alikuwa darasani ghorofa ya kumi na tisa, mbele ya wageni sita wenye tai mpya.

"Isomeni kadi ya mwenzenu kabla ya kuiweka mezani," alikuwa akisema. "Kadi ni uso wa mtu."

Mayumi alingoja somo liishe. Kisha akamfuata ofisini, akafunga mlango.

"Fungua kasha la mihuri."

"Bibie, bila miadi…"

"Kreel hana tena mikono ya kukupigia simu. Fungua."

Ndani ya kasha kulikuwa na vijaluba kumi na kimoja. Kila kimoja na jina, kila kimoja na mhuri. Hamaguchi. Yoneda. Kaka wa Kusune, yule wa kamba, mhuri wake bado una wino.

"Kila mara nilijiambia ni karatasi tu," Munakata alinong'ona. "Mzee… yu hai?"

"Yu hai."

"Nashukuru."

"Usishukuru. Hatatengeneza tena hata kijiko. Andika."

Akaandika, kurasa tatu: majina, tarehe, nani alimtambulisha kwa nani. Mwandiko mzuri. Mwishoni akatoa mhuri wake mwenyewe, akaupulizia pumzi, akaubonyeza mahali pake. Upande wa kushoto palikuwa na kisanduku kitupu cha afisa mpokeaji.

Mayumi aliiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Bwana Munakata."

"Naam."

"Umeinama."

Munakata alitazama. Hapo ndipo alipoanza kulia, si kabla.

Jioni ile hospitalini daktari alihitaji idhini ya kukata vidole vitatu. Mayumi alimletea mzee mhuri wake. Hamaguchi aliushika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haujawahi kufanya kazi hiyo, akaupima juu ya karatasi, akabonyeza.

Wima kama msumari.

"Haya, nenda," alisema. "Zile tambi ulizoniambia umeziacha zimepoa."

Mayumi alivaa glavu, akashuka ngazi bila kugeuka. Kawasaki ikaondoka.

*

Imebaki mihuri kumi. Iko kwenye trei ya plastiki, kituo cha polisi, dirisha la tatu, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuichukua. Watu wanaona haya kukiri kwamba waliitoa wenyewe. Na ghorofa ya kumi na tisa imeshapata meneja mpya, mpole, anayehudhuria mazishi. Jumatatu anampokea mgeni mpya. Ameshaanza kuwaambia wazee wa Takaida kwamba makaratasi ni mengi na treni inachosha.

Mmoja wao ni baba yako.

Weka huo mkate chini. Usingoje taa. Nenda dirisha la tatu ukawachukulie wanaoona haya, kisha nenda Honmachi, gonga meza ya yule mtu mpole, udai kila mhuri ulioachwa kwake. Sasa hivi, kabla mkono wake haujauzoea.