Nakala ya Kufumba na Kufumbua

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu, kiti cha kuzunguka kilichokataa kuzunguka, na kompyuta iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Mama Picha ndiye aliyepiga picha na kurekodi sherehe za watu. Mumewe alikaa kwenye kompyuta, akazikata video, akaziunganisha, akazipamba. Mtaani walimwita Fasta. Alikula fasta, alitembea fasta, na hata salamu aliijibu kabla haijaisha.

Kila Ijumaa kabla ya kufunga, Fasta alichomeka diski ya nje. Hii ni diski ndogo ya kubeba mkononi, ya kuwekea nakala za kazi. Kwenye skrini kulikuwa na alama ya folda iliyoandikwa KAZI ZA WATEJA. Fasta aliikokota ile alama, akaidondosha kwenye diski, akachomoa waya.

"Tayari!"

"Umemaliza?" mkewe aliuliza. "Harusi zote hizo?"

"Mke wangu, kwani umeolewa na nani?"

Mama Picha akacheka. Angejua, asingecheka.

Siku moja kompyuta ikaandika kwamba imejaa. Fasta hakuumiza kichwa. Alizifuta video zote za harusi zilizopita, pamoja na folda yake. Kisha akafungua pipa la taka la kompyuta, akalimwaga nalo.

"Umefuta?" Mama Picha alishtuka.

"Nakala si tunazo? Ondoa wasiwasi."

Kesho yake asubuhi akaingiza video mpya za mahafali. Kompyuta ikazipokea vizuri. Fasta akapiga mluzi.

Mluzi ulikuwa bado mdomoni, mwanamke mmoja akaingia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mnanikumbuka? Mimi ni yule bibi harusi wa gauni lililokanyagwa."

"Tutakusahau vipi!" Mama Picha alisema. "Karibu, dada. Mbona hivyo?"

"Baba amefariki."

Wote wawili wakampa pole. Akakaa kwenye kile kiti kisichozunguka.

"Siku ya harusi baba alitoa hotuba," alisema. "Lakini kwenye video mliyonitengenezea, mmeweka muziki juu yake. Namwona anafungua mdomo, simsikii. Naomba ile ya asili, isiyo na muziki. Sauti yake sina mahali pengine popote."

"Ipo," Fasta alijibu fasta. "Njoo kesho uichukue."

Mwanamke akashukuru, akatoka. Fasta akachomeka diski ya nje. Alama ya KAZI ZA WATEJA ilikuwepo. Akaibofya. Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa hakipatikani.

Akabofya tena. Hakipatikani. Akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka upya. Hakipatikani.

"Kuna nini?" Mama Picha aliuliza.

Fasta akabofya tena na tena. Mkewe aliona shati likianza kulowa mgongoni, akajua.

"Usiseme, baba watoto. Tafadhali usiseme."

"Tulia. Kuna programu ya bure ya kuokoa faili. Naipakua sasa hivi."

"Ngoja kwanza nimpigie mdogo wangu."

Mdogo wake alikuwa fundi kompyuta, mtaa wa pili. Mama Picha alimweleza yote. Simu ikapiga kelele hadi Fasta akasikia alipokaa.

"Mwambie shemeji atoe mikono! Asipakue kitu! Asiingize kitu! Azime kompyuta, na asiiwashe mpaka nifike!"

Kidole cha Fasta kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kupakua. Akakiondoa kama kwenye jiko la moto, akaizima kompyuta. Ngurumo ikakatika.

Fundi alikuja na begi na diski kubwa tupu. Kwanza aliichomeka ile diski ya nje kwenye kompyuta yake ya mkononi. Akaangalia. Akacheka kidogo, ila si cheko la raha.

"Shemeji, hii si folda. Hii ni njia ya mkato."

"Njia ya mkato ndiyo nini?"

"Ni kibao tu. Kinaonyesha folda iko wapi, lakini ndani hakina kitu. Kila Ijumaa ulikuwa unang'oa kibao cha duka, unakipeleka nyumbani, halafu unasema umehamisha duka."

Fasta akainamisha kichwa. "Lakini ilikuwa inaingia!"

"Harusi zote hizo ziingie kwa kufumba na kufumbua? Hata chai haipoi hivyo! Nakala kubwa huchukua muda. Ukiona imeisha haraka, ogopa."

"Mdogo wangu, utani baadaye," Mama Picha alisema. "Zile zilizofutwa zimekwenda?"

Fundi akavuta kiti karibu yao.

"Kufuta faili si kuichoma moto. Fikirieni nyumba ya kupanga. Ukifuta, kompyuta inatoa jina la mpangaji mlangoni na kuandika kwamba chumba kiko wazi. Mpangaji mwenyewe bado yumo. Ila akija mpya, yule wa zamani hutupwa nje, na akishatupwa harudi. Ndiyo maana nimesema msiingize kitu. Hata programu ya kuokoa ingekuwa mpangaji mpya."

Mama Picha akamgeukia mumewe. "Mahafali."

"Mahafali gani?" Fundi aliuliza.

"Nimeyaingiza asubuhi," Fasta alisema taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kusema jambo taratibu.

Fundi hakutania tena. Alifungua kompyuta, akaitoa diski ya ndani.

"Bahati yenu, diski hii ni ya zamani, ya sahani inayozunguka ndani. Diski nyingi mpya hujisafisha zenyewe, ukifuta umefuta. Ya kwenu nitaisoma kwenye kompyuta yangu. Kwanza natoa nakala ya diski nzima, kisha natafuta kwenye nakala. Ya asili hatuigusi. Na ingekuwa inalia tik-tik, nisingethubutu kuigusa. Diski inayolia inapelekwa kwa wenye vifaa maalumu, haijaribiwi nyumbani."

Kazi ile ikala siku nzima. Kesho yake faili zikaanza kuonekana, lakini hazikuwa na majina. Ikabidi wafungue moja moja. Ya kwanza, keki. Ya pili, rangi ya kijivu tupu. Nyingine, miguu ya wachezaji. Nyingine, kijivu. Kila kijivu kilipotokea, Mama Picha alishika kifua.

Mlango ukafunguliwa. Bibi harusi.

Fasta alisimama. Mdomo ulishaanza kusema "ipo", akaufunga.

"Dada, kaa. Nilizifuta video zenu, nikidhani nina nakala. Sikuwa nayo. Tunatafuta, na huenda tusiipate. Kosa ni langu."

Mwanamke hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa, akaukumbatia mkoba wake, akaitazama skrini.

Keki nyingine. Kijivu. Watu wakila. Kijivu. Kisha mzee aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, kipaza sauti mkononi.

"Mkwe wangu," sauti ikasema, "binti ndiye huyo. Ni mbishi. Nilimlea, akanishinda. Wewe utamweza wapi?"

Ukumbi kwenye video ukacheka. Mwanamke naye akacheka, na machozi yakafuata kicheko njia ileile.

"Lakini nakwambia kitu kimoja," mzee akaendelea. "Huyu mtoto mimi namwita..."

Picha ikaganda. Kijivu.

"Rudisha nyuma," Fasta aliomba.

Fundi akajaribu, akatikisa kichwa. "Mahafali yameingia hapo. Basi."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwanamke. Yeye alifuta uso kwa kiganja.

"Jina hilo nalijua," alisema. "Nilikuwepo. Nilichotaka ni sauti." Akainuka kitini. "Nipeni nakala mbili. Moja nitaiweka kwa shangazi."

"Umesikia, shemeji?" Fundi alisema. "Mteja amekuwa mwalimu."

Siku hizi studio ina utaratibu. Kila kazi ina nakala tatu. Moja iko kwenye kompyuta. Ya pili iko kwenye diski ya nje, ambayo ikishapokea nakala huchomolewa, ili virusi au umeme vikiharibu kompyuta visiipate nayo. Ya tatu hukaa nje ya studio, maana moto na mwizi havichagui diski. Mama Picha alichagua kabati la mama yake mzazi. Kwa hiyo kila Ijumaa Fasta huvaa shati la heshima na kupeleka diski kwa mkwe, na huko hakimbii mtu.

Kabla ya kupeleka, huichomeka kwenye kompyuta ya Fundi na kufungua video kadhaa, aone na asikie. Nakala isiyofunguliwa haiaminiki. Na hakuna kinachofutwa mpaka mke na mume wote wameiona nakala kwa macho.

Ijumaa iliyopita Mama Picha alisimama mlangoni na kufuli mkononi.

"Umemaliza?"

"Bado inanakili."

"Fasta gani wewe?"

"Fasta nilimfuta," alijibu, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Na pipa nimelimwaga."