Kicheko Kilichotolewa Kirembe

Kila aliyepita juu ya Daraja la Kirembe alisikilizwa. Hapakuwa na askari, wala kizuizi, wala mtu wa kugonga mihuri. Palikuwa na masikio tu: vyombo vidogo vya kioo, vyenye umbo la konokono, vilivyobandikwa kwenye nguzo za daraja, kwenye vibanda vya soko, na hata ndani ya nyumba za watu walioridhia kuwa navyo. Masikio hayo yalipeleka sauti kwenye akili unde iliyoitwa Kipimaudugu, nayo ilipima jambo moja: je, watu wa ng'ambo hizi mbili bado wanaishi kwa amani? Ikiridhika, daraja lilibaki wazi. Ikipata shaka, pazia la mwanga lilishuka katikati ya daraja, na hata nyuki hakuweza kulipenya.

Hivyo ndivyo nchi mbili jirani zilivyokubali kujaribu kuungana. Zilikuwa zimetiliana shaka muda mrefu mno, hata hakuna iliyotaka mpaka ulindwe na mtu wa mwenzake. Zikaona heri mashine. Kura ya shirikisho kamili ilikuwa imekaribia, na wabunge wa pande zote walikuwa wakiitazama Kirembe. Kama watu wa mpakani wanaweza kuishi bila mpaka, basi na wengine wataweza.

Asubuhi hiyo mhandisi Kemilembe, aliyezaliwa palepale Kirembe, alikuwa darajani na wageni kutoka mji mkuu. Shangazi yake, Nyangoma, alikuwa akivuka na mkungu wa ndizi kichwani, akakutana na Katuramu, mfua vyuma wa ng'ambo ya pili.

"We Katuramu, hujafa tu?"

"Nasubiri ufe wewe kwanza, nimpate mumeo awe ananifulia nguo."

"Mume wangu hafui nguo za wezi. Nyie watu wa ng'ambo hata mvua mmeiba kwetu!"

"Mvua yenu? Tuliirudisha. Ilikuwa inanuka kama mchuzi wako."

Mgeni mmoja akarudi nyuma hatua. "Mhandisi, mbona pazia halishuki?"

"Halitashuka."

"Lakini wametukanana!"

"Wametaniana," Kemilembe alijibu, na hakuweza kuficha tabasamu. "Mababu zao walipigana mpaka wakachoka. Walipopatana, wakaapa kuwa watani: mtu wa huku amwambie wa kule neno lolote, na anayekasirika ndiye mwenye kosa."

Akawaeleza jinsi Kipimaudugu kilivyoshindwa mwanzoni. Kilikuwa kikishusha pazia kila mara, hata katikati ya harusi, bwana harusi huku, bibi harusi kule. Ndipo yeye na mwenzake Mugarura, mhandisi wa nchi ya pili, walipokwenda kukaa vibarazani kwa watu, wakinywa rubisi, pombe yao ya ndizi, na kukusanya vicheko. Kutokana na vicheko hivyo walitengeneza tabaka la utani, sehemu ya mashine iliyojua kusikia upendo nyuma ya tusi. Wengi waliogopa kuweka masikio majumbani mwao. Kemilembe aliwabembeleza mmoja mmoja, akianza na shangazi yake.

"Semeni mlivyozoea," aliwaambia. "Haya masikio yanajua kucheka."

Wakamwamini, kwa kuwa alikuwa mtoto wao.

Wiki ya kura, Kemilembe aliitwa kwenye kikao cha pamoja cha mabunge mawili kutoa ushahidi. Alipanda treni ya sumaku akiwa amevaa kitenge alichoshonewa na mke wa Mugarura, na njia nzima alikuwa akijisemea hotuba yake kimoyomoyo. Ukumbini alimwona Mugarura ameketi upande wa pili. Akampungia mkono. Mugarura akainama kuangalia meza.

"Waheshimiwa," alisema Spika, "kabla ya kupiga kura, tuzisikie sauti za Kirembe."

Sauti ya Shangazi Nyangoma ikajaa ukumbini. *Nyie watu wa ng'ambo hata mvua mmeiba kwetu.* Kisha ya Katuramu: *Nasubiri ufe.* Zilikuwa sauti kavu, zimenyofolewa kutoka kwenye kelele za soko, na vicheko vyote vimeondolewa. Ikafuata ya mwanamume: *Tuliwahurumia tu, ilitakiwa tuwazamishe wote mtoni.* Kemilembe aliikumbuka siku hiyo. Maneno yale yalisemwa harusini, na bibi harusi wa ng'ambo alikuwa amemwegemea msemaji begani, anacheka mpaka machozi. Kwenye kioo kikubwa cha ukuta yakatokea maneno ya Kipimaudugu: Uhasama mkubwa.

Mbunge mmoja wa nchi ya Kemilembe akasimama. "Tunaambiwa tuungane na watu wanaosubiri tufe?"

"Na sisi tumeitwa wezi!" akajibu mwingine wa upande wa pili.

Kemilembe alisimama bila kuruhusiwa. "Waheshimiwa, hizo si sauti kamili! Kuna kicheko kimetolewa. Kirudisheni mtasikia wenyewe!"

"Mhandisi, keti. Mashine ni ya kwako. Leo unaikana?" Spika alisema.

"Siikani. Nasema imezibwa masikio."

Walinzi wakamsogelea. Kura ikapigwa yeye akiwa mlangoni, na shirikisho likaanguka. Bunge likaamua kwamba pazia la Kirembe lishushwe, na mwenye haja ya kuvuka aombe kibali.

Mugarura alimkuta kwenye ujia, ameegemea ukuta.

"Ni wewe," Kemilembe alisema. Tabaka lile la utani liliweza kuondolewa na watu wawili tu duniani.

"Ni mimi."

"Serikali yenu ilikulazimisha?"

"Kemi, wa kwenu ndio walionipigia kwanza."

Kemilembe akajiondoa ukutani.

"Shirikisho ni bunge moja, baraza moja la mawaziri. Nusu ya wakubwa wa kila upande wangerudi kwao kulima. Wakakutana, wakakubaliana siku hiyohiyo. Sijawahi kuona nchi mbili zinapatana upesi namna ile." Mugarura akajaribu kucheka, akashindwa. "Waliniahidi kwamba wewe hutaguswa. Nilikuwa nakulinda."

"Uliniacha nikae vibarazani kwa watu, nikiwaambia wacheke bila hofu."

"Na mimi nilikaa. Na mimi nilikunywa rubisi yao."

"Basi ulijua unamuuza nani," alisema Kemilembe, akaondoka.

Sauti zile zilitangazwa kwenye runinga za nchi zote mbili. Kemilembe aliporudi Kirembe, aliyang'oa masikio nyumbani kwa shangazi yake kwa mikono yake mwenyewe. Shangazi alimtazama kutoka mlangoni. Hakumlaumu, na Kemilembe angependa kulaumiwa.

Miezi michache baadaye, mume wa Shangazi akafariki.

Kirembe, mtu hazikwi kabla watani hawajafanya yao. Wanapofika, mmoja wao hujitupa ndani ya kaburi na kulala chali, akipiga kelele kwamba marehemu alimnyang'anya mchumba, hazikwi mtu hapa. Wafiwa humbembeleza, yeye huzidi kudai, mpaka watu wote wanacheka. Kicheko hicho ndicho kinachowapa wafiwa nguvu ya kuliachia jeneza.

Watani walifika. Walikuwa wamevaa suti, na kila mmoja alikuwa na kibali shingoni, bamba dogo lenye sikio la kioo katikati. Waliketi pembeni ya mkeka, mikono magotini. Jeneza lilipoletwa, Shangazi alisimama ukingoni mwa kaburi, akangoja. Watu wote wakangoja.

"Katuramu," alisema mwishowe, "ingia basi. Umezeeka kiasi cha kuogopa udongo?"

Katuramu aliinuka. Midomo yake ilitetemeka kidogo, kama mtu mwenye neno tamu ulimini. Kisha akaligusa lile sikio shingoni kwake kwa kidole.

"Tunawapa pole sana, mama," alisema. "Mungu amlaze mahali pema."

Kemilembe alimsogelea. "Mzee wangu, nakuomba. Neno moja tu."

"Mjukuu wangu anasoma upande wenu, binti, naye anavuka kwa kibali kama hiki," alijibu kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa. "Siku zile nilicheka kwa sababu uliniambia nicheke."

Akarudi kuketi. Vijana waliobeba jeneza walibaki wamesimama na kamba mikononi, hawajui la kufanya, kwa kuwa hawakuwahi kuzika bila kuzuiwa.

Shangazi Nyangoma alijifunga upya khanga yake kiunoni.

"Zikeni," alisema. "Hakuna anayetuzuia."